Asiyeandikiwa Tena

Sisi akina mama wa Kasingirima, hapa Ujiji, tunapika sabuni ya mawese, na mjukuu wangu ndiye anayetuandikia wateja. Anakaa kibarazani kwangu na kompyuta yake, anabonyeza mara moja, barua pepe zinakwenda kwa wote. Najivuna naye, na anayechukia achukie.

Mteja wetu mmoja, mama mwenye nyumba ya wageni kule Rusimbi, alifiwa na mumewe. Akiwa kwenye eda akanipigia simu.

"Bibi, barua zenu zinaingia kwenye simu ya marehemu. Ikilia tu, moyo unaruka. Niacheni."

Nikamwambia mjukuu. Kompyuta yake ina mahali pa kuwaweka wasiotaka kuandikiwa, ili barua isiwafikie hata kwa bahati mbaya. Akaona haya.

"Bibi, nimweke marehemu humo pamoja na wale waliotutukana? Nimemfuta kabisa. Ndiyo heshima."

Haikupita muda akaingiza majina ya watu waliojiandikisha kwenye meza yetu ya maonyesho. Marehemu alikuwemo, alijiandikisha akiwa mzima. Kompyuta ilikuwa haimjui tena, ikampokea kama mgeni. Mjukuu akabonyeza. Mara nikasikia kiti kimeanguka.

"Bibi. Mzee wa Rusimbi."

"Amefanyaje? Si amekufa?"

"Nimemwandikia."

"Izuie!"

"Naizuia, mtandao unasuasua!"

Mimi kusoma najua kidogo tu, lakini uso wa mtoto niliyemlea nausoma wote. Barua imekwenda.

"Vaa mtandio," nikamwambia. Labda tungemwahi mjane kabla hajaifungua.

Tulipanda bodaboda moja wote wawili. "Bibi, ukianguka je?" dereva akauliza.

"Nikianguka utaniokota. Endesha!"

Mjane alikuwa mkekani, simu ya mumewe pajani. Yeye ambaye hunipa shikamoo tangu mlangoni, safari hii hakuniamkia.

"Imemwita jina," akasema. "Inamwambia, mzee wetu, tumekukumbuka, sabuni mpya iko tayari."

Mjukuu akapiga magoti. Maneno nilikuwa nayo tele, nikayameza. Kosa lake aliseme mwenyewe.

"Nilimfuta, mama. Jina liliporudi kompyuta haikumjua. Ningemweka kwa wasioandikiwa, lakini niliona vibaya."

"Vibaya nini? Tumemzika, tumemsomea, wewe waona vibaya kuandika?" Akanigeukia mjukuu wangu. "Toa simu yako. Mweke kwa hao wasioandikiwa sasa hivi, nikiona. Jina lake lote, usilikate."

Mtoto akafungua orodha ileile kwenye simu, akaandika. Mjane alimwinamia akifuata kila herufi, mpaka jina la tatu, la babu wa huyo marehemu, likatimia. Kisha akageukia ukutani.

Sabuni hakuagiza, wala hakusema hataagiza tena. Nami mdomo wangu huu, unaojulikana Ujiji nzima, sikuthubutu kuufungua kumuuliza.