Mama Mkwe Alipotubu

Maame Afrakoma, muuza ndizi za kuchoma pale Tafo, Kumasi, alikuwa mpole kiasi cha kushindwa kumfokea hata mbuzi aliyempora ndizi. Ulimi wake ulichangamka mbele ya kamera tu. Na huko, jamani, ulikuwa wembe.

Boadu, mwongozaji wa tamthilia ya runinga aliyoigiza mama huyo, hakuwaandikia waigizaji maneno. Kama wenzake wengi wa Kumasi, alisimulia kisa kwa kifupi, kisha akasema, "Haya, semeni." Afrakoma, aliyeigiza mama mkwe, alimgeukia Pokuaa, mkazamwana wake wa kuigiza: "Supu gani hii? Paka wangu kaionja, kahamia kwa jirani! Ulikuja hapa na sanduku moja, nalo la kuazima!" Wapiga picha walijiziba midomo wasiharibu sauti. Jumapili jioni, tamthilia ikianza, barabarani hukuti mtu.

Lakini watu wetu hawajui kumtenga mtu na anachokiigiza. Wateja wakawa wanayapita meko yake bila kununua. "Mchawi we, mwache binti wa watu!" Hayo aliyazoea. Kilichomshinda ni msiba wa wifi yake. Alipopita kuwapa mkono waombolezaji waliokaa safu kwa safu, kama ilivyo ada, wanawake watatu wakaficha mikono yao ndani ya nguo zao nyeusi. Mmoja akasema, "Mkono huo ndio unaommwagia Pokuaa maji machafu." Msibani! Mbele ya ukoo wote wa marehemu mumewe!

Msimu wa pili ulipokaribia, alimwendea Boadu.

"Bosi, nitubishe. Mama mkwe aokoke, ampende mkwewe."

"Maame, watu wanaufuata ulimi wako."

"Basi tafuta ulimi mwingine."

Boadu hakuwa na mwingine, akakubali. Mama mkwe akaokoka tangu sehemu ya kwanza, akawa anamchotea mkwewe maji na kumwita kipenzi. Afrakoma alipoachiwa aseme, hakuwa na la kusema. Wema ulimkausha mdomo. Pokuaa naye, ambaye kilio chake kiliwahi kuliza nusu ya mji, hakuwa na cha kulilia. Wakakaa wanamenya mihogo na kusifiana.

"Gombaneni hata kidogo, jamani," Boadu alisihi nyuma ya kamera. "Hata kwa chumvi!"

Afrakoma akakataa katakata. Alitaka apewe mkono kama watu wengine, basi.

Watazamaji wakapungua. "Maame, siku hizi mnaonyesha ibada?" mteja mmoja alimuuliza akichagua ndizi. Msimu haujafika hata katikati, kituo kikaikatisha tamthilia, kikaweka ya watu wengine.

Sasa kila mtu alimsalimu vizuri. Heshima aliyoitaka aliipata, na haikuwa na ladha yoyote, kwa sababu mchuma janga hula na wa kwao. Pokuaa alikuwa amemwachia mtu kibanda chake cha ushonaji, akiitumainia kazi ile. Afrakoma akarudi kwa Boadu, safari hii akibembeleza.

"Nirudishie uovu wangu, bosi. Nitatukana mpaka unizuie."

Boadu akatikisa kichwa. "Kituo hakitaki hata kutusikia, Maame. Tumechelewa."

Ikabidi aende kwa Pokuaa mwenyewe. Alimkuta kibarazani kwa shangazi yake, anashona kwa mkono pindo la gauni la mtu. Afrakoma alitaka kupiga magoti, mama mzima, Pokuaa akamwahi na kumkalisha kwenye kigoda.

"Mwanangu, kitumbua chako nimekitia mchanga. Niliogopa maneno ya watu, sikukufikiria wewe. Nisamehe."

Pokuaa aliiweka sindano chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Afrakoma zaidi.

"Maame, yule mama mkwe mbaya alinitukana msimu mzima, na hakuweza kuniondoa mle ndani," alisema. "Huyu mwema ndiye aliyenifukuza."