Mlevi Asiyewahi Kunywa

Tarachand, muuza vitambaa wa mji wa Bhilwara, India, hakuwahi kuonja pombe tangu azaliwe. Hata kitunguu alikikataa, kwa kushika dini. Lakini ilikuwa miaka minne sasa mji mzima unamwita mlevi, na la kuvunda halina ubani. Bawabu wa benki alimzuia mlangoni. Kondakta alimshusha njiani. Wateja walimwona akiyumba na mita ya kupimia vitambaa mkononi, ulimi mzito, wakahamia duka la jirani.

"Mlevi akilala huamka mzima!" aliwafokea, kama daktari wa Jaipur alivyomweleza. "Mimi naamka vilevile! Ninuseni basi! Ni ubongo huu wa nyuma, unaopanga hatua, ndio unaokufa!"

Walimcheka. Mlevi gani amewahi kukubali kwamba amelewa?

Jumapili hiyo wageni walikuja kumtazama binti yake, Kusum, ili wamposee kijana wao. Sushila, mkewe, alimkalisha kitini mapema na kumkataza asiinuke. Lakini mwenye nyumba atakaaje wageni wakiingia? Aliinuka kuwasalimu, akapepesuka, akalikumbatia kabati.

Mzee wao, mume wa shangazi wa kijana, mtu wa kutafuta kasoro hata kwenye maji ya kunywa, alikunja uso. "Ala, Bwana Tarachand! Saa nne asubuhi tayari umezipiga?"

Maneno ya kila siku ya kujitetea yalimfika Tarachand mdomoni. Kisha akaona macho ya mkewe. Marehemu baba yake Tarachand naye aliyumba hivyo hivyo. Akitaja ugonjwa, wageni wangeuliza kama ni wa ukoo kabla chai haijapoa, na nani angetaka kuoa kwenye damu hiyo? Akayameza maneno yake.

"Nimekunywa," alisema, akijirudisha kitini. "Nisameheni."

Mzee akashusha pumzi, akacheka. "Ah, hilo dogo! Ulevi huachwa. Mimi nilidhani ni ugonjwa wa ukoo."

Kusum alikuwa anaingia na sinia la chai. Aliliweka chini.

"Ni wa ukoo, mzee. Babu alikufa nao. Baba hajawahi kugusa pombe. Na mimi huenda ninao, sitaki mtu anioe bila kujua."

Wageni wakatafuta viatu vyao. Sushila akajipiga paji la uso. Tarachand alijaribu kuinuka, akashindwa, akakipiga kiti ngumi.

"Miaka minne!" alifoka, machozi yakimtoka. "Miaka minne namtafuta mtu mmoja tu wa kusema sijalewa, na wewe, mwanangu, ukachagua leo!"