Mruko wa Oddny Ambao Haukupimwa

Watu wa bonde la Tveitdal hujisifu kwamba watoto wao huzaliwa na skii miguuni, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini. Enzi za Oddny Brattli sifa hiyo ilikuwa ya wavulana peke yao. Wasichana walivaa skii kwenda shule na dukani, basi. Kupanda kilimani na kuteremka mbio mpaka kwenye ukingo wa kurukia, pale mtu anapoagana na ardhi na kujikabidhi kwa hewa, hilo halikuwa lao.

"Mwanamke akitua kwa kishindo kile, kizazi kinang'oka," alikuwa akisema Sigvart Moen, mwenyekiti wa klabu ya kuruka kwa skii. "Halafu nani amwoe?"

Sigvart hakuwa daktari, alikuwa muuza mbao. Lakini ukiwa mwenyekiti katika bonde dogo, hata ukikohoa watu huona umetoa amri.

Oddny alifundishwa na baba yake, Tarjei, nyuma ya zizi la ng'ombe, kwenye kichuguu cha theluji walichokishindilia wenyewe kwa koleo. Mama yake alikuwa akichungulia dirishani na kugeuza uso. Tarjei hakuwa msemaji. Alimwonyesha binti yake jinsi ya kuinama, jinsi ya kutua goti moja mbele, kisha akawasha kiko chake na kusema, "Tena." Oddny akapanda tena. Alipofikisha miaka kumi na saba hapakuwa na mvulana Tveitdal aliyependa kufanya mazoezi siku moja naye, maana nani anataka kushindwa na sketi?

Klabu ikaona haiwezi kumfukuza binti wa Tarjei. Tarjei alikuwa mpimaji, na wapimaji ni watu wa heshima. Husimama mstari mmoja kandokando ya mteremko, kila mmoja akilinda mita zake chache. Mrukaji akitua kwenye mita zako, wewe ndiye unayenyanyua mkono na kupaza sauti kutaja namba, na namba hiyo haina rufaa. Mwanamume wa bonde lile ungeweza kumwambia mkewe ni mchafu akakusamehe. Umwambie mpimaji kwamba macho yake si mazuri, hutaonja kahawa nyumbani kwake mpaka kufa.

Kwa hiyo wakampa Oddny utangulizi. Kabla ya kila shindano lazima mtu aruke kwanza, njia ijaribiwe kama inateleza sawasawa. Mtangulizi hapewi alama, jina lake halitangazwi, wala mruko wake haupimwi. Oddny akakubali, heri nusu shari kuliko shari kamili. Miaka mitatu alizunguka vilima vya mabonde jirani, Tarjei akimbebea skii begani, akiwafungulia njia wanaume ambao walipewa vijiko vya fedha vya ushindi huku yeye akipewa supu.

Hakutaka kijiko. Alitaka namba.

"Baba, siku moja tu. Ninyanyulie mkono, nijue nimefika wapi."

"Mtangulizi hapimwi, Oddny. Wakiniona tumekwisha, mimi na wewe."

"Basi usinyanyue mkono. Tazama tu, uniambie tukifika nyumbani. Utatazama?"

Tarjei akashughulika na kiko chake, akakisafisha kwa kijiti ingawa kilikuwa safi. 

Siku ya shindano kuu la Machi, kwenye ngazi za kilimani, Asbjørn Lie, kijana aliyetegemewa kushinda, alimchokoza. "Oddny, utufagilie vizuri, eh! Usituachie mashimo."

"Shimo utalichimba mwenyewe kwa makalio, Asbjørn, kama mwaka jana."

Vijana wakacheka mpaka mmoja akaangusha glavu. Oddny akakaa mahali pa kuanzia, akajiachia.

Upepo ulikuwa ukipanda kutoka chini, ule ambao mrukaji huota. Alipoacha ukingo ulimpokea tumboni, na hakuteremka. Aliona kofia za wapimaji zikipita chini yake, moja, nyingine, akaupita mstari mwekundu unaoonyesha mwisho wa mahali salama pa kutua, na mpimaji wa mwisho akabaki nyuma yake. Alitua pale ambapo mteremko unaanza kulala, goti moja mbele, wima. Watu mia kadhaa walikaa kimya. Mmoja alianza kupiga makofi, akajiona yuko peke yake, akaacha.

Kisha waamuzi wakafanya wanachofanya siku zote mtangulizi anapokwenda mbali mno. Walishusha mahali pa kuanzia, wanaume wasije wakatua pabaya. Asbjørn alishinda kijiko kwa mruko ambao haukukaribia hata pale Oddny alipotua, na mtu yeyote mwenye macho alijua.

Oddny alipanda mteremko mbio hadi kwa baba yake. "Ngapi, baba?"

Wapimaji wengine wakatazama buti zao.

"Sikutazama," akasema Tarjei.

"Hukutazama!"

"Sikutazama, mwanangu."

"Basi na wewe ni mbwa wa Sigvart," akasema Oddny, na mbele ya watu wote akavua skii na kuzitupa miguuni pa Tarjei.

Hakuruka tena. Akahamia Bergen, akafanya kazi katika kiwanda cha kusindika dagaa, akaolewa, akaachika. Krismasi alikuwa akirudi nyumbani, akila mbavu za kondoo na kuzungumza na baba yake habari za hali ya hewa. Kila mwaka Tarjei alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akisimama pale kama mwenye neno, na kila mwaka basi lilimkuta bado hajalisema. Oddny hakumsaidia. Aliona raha kumwona anahangaika, na raha ile ilimkaa moyoni zaidi ya miaka ishirini.

Tarjei alikufa wakati wa vuli, kabla ya theluji kuanguka. Baada ya maziko watu walikunywa kahawa ukumbini, na mzee Gjermund, mpimaji aliyekuwa akisimama wa mwisho kabisa mteremkoni, chini ya pale alipokuwa Tarjei, akaja kuketi karibu na Oddny.

"Tulimtania sana baba yako," akasema. "Mpimaji anayefumba macho!"

"Kufumba macho vipi?"

"Kwani hujui? Ukiacha ukingo tu, anayafumba. Kila mara, kila kilima. Anaogopa utakufa. Hakukuona ukiruka hata siku moja tangu utoke nyuma ya zizi."

Oddny akaweka kikombe chini. "Mbona hakuniambia?"

"Angesemaje, binti yangu? Sigvart alikuwa anatafuta kisingizio cha kukuzuia. Ikijulikana hata baba mzazi hawezi kukutazama, ungepanda tena kile kilima? Alituapisha tunyamaze. Siku ile ilibidi nimpigie kelele, 'Tarjei, amesimama, mzima!' Ndipo akafumbua. Alilia."

"Nawe uliona nilipotua?"

"Ulinipita mbali. Niliona mgongo wako tu."

Namba haikuwapo, haikuwahi kuwapo kwa mtu yeyote, na Oddny aliona hana haja nayo tena. Alitoka bila koti, akavuka ua wa kanisa. Wachimbaji walikuwa bado wanafukia kaburi.

"Baba," akasema, "nisamehe."

Wale wanaume wakaweka makoleo chini, wakavua kofia, wakangoja amalize.  Baadaye kidogo, kwa upole, mmoja wao akamwomba asogee.