Jemadari wa Meza ya Kukatia

Jumapili, saa nane mchana. Kwenye meza ya kukatia, mahali ambapo jana palilala suti ya bwana harusi, leo yamepangwa majeshi mawili. Fundi cherehani anavua tepu shingoni, anainama na kupima hatua za kikosi cha vifungo vyeusi.

"Inchi tatu," anamwambia fundi magari aliyesimama mbele yake.

"Na nusu, Jemadari."

"Tatu. Mlima huo haupandwi kwa mbio. Usinichoshe."

Vifungo ni askari, vibiringo vya uzi ni mizinga, utepe wa bluu ni mto, rundo la vipande vya kitambaa ni mlima. Ramani yenyewe ni kitambaa cha kaki kinachofunika meza nzima. Vita hivi vya nchi mbili za kubuni vina mwaka wa saba sasa, na mama huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Jemadari, ndiye mwamuzi.

Alivianzisha kuwatuliza wapwa zake. Wapwa wakakua, wakaenda zao, vita vikabaki. Vikarithiwa na fundi magari wa jirani, aitwaye Spana, na muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya barabara.

Sheria yake haina huruma: dadu ndizo huamua, kikosi kilichokufa hakifufuki, na mji ulioungua unabaki majivu.

"Watu walisema nimekosa kazi," anasema Jemadari. "Mimi nashona siku sita. Ya saba nina nchi mbili za kuendesha."

Mwaka jana nchi hizo nusura zipotee. Ramani ilichorwa kwa chaki ya fundi, na mama mkwe wake alikuja kumtembelea.

"Nilikikuta kitambaa nyuma ya mlango, kichafu, kina mistari kila mahali," anaeleza bibi huyo bila kujitetea sana. "Nikamwonea huruma mkwe wangu kwa kazi nyingi. Nikakifua, nikakipiga na pasi."

Jemadari alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Mama mkwe utamgombezaje? Nilimshukuru, nikaenda kulia nyuma ya nyumba."

Karibu miaka sita ilikuwa imekwenda na maji ya sabuni. Muuguzi alikuwa akishinda, na Spana alikuwa amebakiwa na ngome moja. Sasa kila mmoja angeweza kudai apendavyo, na huo ndio ungekuwa mwisho wa vita.

Jemadari akawapa chaki. Kila mmoja achore ardhi ya mwenzake, si yake.

Muuguzi alichora ngome ya Spana, kisha akampa na daraja la mto, ambalo ndilo mlango wa vita vyote: anayelishika anavuka. Spana akalifuta kwa kiganja.

"Si langu," alisema. "Nililipoteza mwenyewe, kwa dadu zangu mwenyewe. Nikilichukua bure, miaka yote hii ilikuwa ya nini?"

Akisimulia hapo, Jemadari anashindwa kuficha fahari yake, wala hajaribu. "Nimeshona magauni ya harusi yasiyo na hesabu. Lakini siku ile ndiyo niliyojiona fundi."

Tangu hapo ramani inashonwa. Mipaka imepigwa bandi, mishono mirefu ya muda, ili ifumuliwe inapohama. Daraja limepigwa cherehani kwa uzi mwekundu.

Leo Spana yuko mbele ya daraja hilo tena. Anarusha dadu. Muuguzi anainama kuzisoma, kisha anaondoa vifungo vyake vyeupe kimoja kimoja.

"Lichukue," anasema. "La halali hilo."

Jemadari anashika wembe na kuanza kufumua mpaka. Vita hivi vikiisha, anapanga kuitundika ramani mbele ya duka na kuanza vingine, mama mkwe akiwa na jeshi lake.

Bibi huyo amekwisha kuchagua vifungo vya shaba. Anapitisha kidole juu ya daraja jekundu, anaukwaruza uzi kwa ukucha.

"Hiki sasa hata nikikifua?" anauliza.

"Kifue, mama," anajibu Jemadari. "Hakitoki kitu."