Asya na keki iliyohamishwa kibla

Saa sita na nusu mchana, jua la Mtambile linachoma na karafuu zilizoanikwa kando ya barabara zinakauka huku unazitazama. Ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Asya Mjaka amevaa sweta la sufu, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Anabinya mfuko wa krimu, anachora waridi, anapuliza vidole, anachora jingine.

"Wateja wakiniona hivi huniuliza kama nina homa," anasema. "Nawambia sina homa, n'nafanya kazi."

Keki anayoipamba ina ngazi tatu. Imesimama pembeni ya chumba ndani ya chandarua, kama bibi harusi aliyewekwa ndani. Kutoka kwenye kiyoyozi cha dirishani umenyooshwa mkono mrefu wa shuka la buluu, kama mkono wa kanzu, umepita chini ya dari mpaka ndani ya chandarua hicho, umetuna kwa baridi.

Mkono huo una kisa chake, na kisa chenyewe nusura kimkoseshe Asya mama yake.

Asya, mwenye miaka 36, ni mzaliwa wa kisiwa cha Kojani na ana miaka tisa katika kazi ya keki za harusi. Miaka mitano ya mwanzo alikaa chumba cha bati. Keki tatu zilianguka kwa joto, na moja ilifika harusini imelala chali, shangazi wa bwana harusi akauliza kama ndiyo mtindo mpya.

Ndipo alipohamia hapa: chumba kimoja, jiko dogo na choo, kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Keki kubwa huiuza 250,000, na mwezi ukiwa mzuri hupata tatu. Kodi hiyo ni kubwa kwa Mtambile, lakini mpangaji aliyetangulia aliacha kiyoyozi kwenye dirisha, na dirisha ni hilo hilo moja.

"Mie sikupanga chumba," anasema Asya. "Nilipanga AC, chumba nikapewa."

Kiyoyozi chenyewe ni kizee. Kinanguruma sana na baridi yake haivuki hatua tatu. Kwa hiyo meza ya keki ilikaa mbele yake, kitanda kikasukumwa nyuma, kabati likaziba nusu ya mlango wa jikoni. Mambo yakaenda vizuri mpaka alipokuja Bi Mwanawema.

Bi Mwanawema ni mama yake, mjane wa miaka 71, na Asya ndiye mwanawe pekee. Alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho. Daktari alimpa dawa ya matone kwa wiki sita, akamtaka arudi kila wiki kuonwa, na akamkataza upepo, vumbi na kuinama. Kojani angekaa peke yake, na kila safari ya hospitali ingeanza kwa mashua. Asya alimwomba ahamie kwake moja kwa moja. Mama akakubali wiki moja, ya kujaribu.

Adhuhuri ya kwanza, Bi Mwanawema aliuliza kibla. Asya akanyoosha mkono dirishani, na mkono ukaishia kwenye keki. Yeye mwenyewe husali jikoni, kati ya jiko na beseni, pahala pa mtu mmoja mwembamba. Mama alihitaji kiti, na kiti jikoni hakiingii.

Kiti kikawekwa mbele ya meza, kiyoyozi kikazimwa kwa ajili ya jicho. Bi Mwanawema akasali. Alipotoa salamu, alimgeukia binti yake.

"Asya, hawa wawili wanaonitazama mie nikisali ni akina nani?"

Walikuwa vijisanamu vya bwana na bibi harusi, juu kabisa ya keki, sawasawa na jicho jipya. Asya akaviondoa mbio. Alasiri mama akalalamika tena.

"Leo nimesali rakaa tano. Hiyo ya tano ilikuwa ya hilo ua jekundu."

Tena Bi Mwanawema si mtu wa kusali kwa haraka. Ana nyiradi zake za kusoma kila baada ya sala, na baada ya nyiradi huwaombea dua watu wake wa Kojani, mmoja mmoja kwa jina. Kiyoyozi kikawa kinazimwa mara tano kwa siku, na keki ya Shariffa, aliyekuwa anaolewa Jumamosi, ikaanza kuinama kuelekea Chake Chake.

Asya akahamisha kitanda mara nne kwa siku mbili. Kikikaa huku, miguu ya mama inaelekea kibla, na hilo halikubaliki. Kikikaa kule, mlango haufunguki. Haidar, mwenye duka la chini, alipanda ngazi kuuliza kama wanahama au wanahamia. Mwenye nyumba, Mzee Zahran, alipoombwa kiyoyozi kihamishwe, alijibu kwa simu: "Mwanangu, dirisha ni moja, na ukuta wangu hautobolewi."

Alhamisi asubuhi Bi Mwanawema akafunga virago. Alizitia nguo zake katikati ya shuka lake la buluu, lile alilokuja nalo, akafunga ncha nne, akakaa kitandani na furushi mapajani.

"Keki inakulisha, mwanangu, mie sikulishi," alisema. "Mmoja wetu lazima atoke, na keki haina kwao."

"Nililia," anasema Asya. "Tena nililia nimeiinamia keki. Ikabidi nijifute upesi, machozi yana chumvi."

Bi Mwanawema hawezi kumtazama mwanawe akilia, basi akakitazama kiyoyozi. Alikitazama kwa muda mrefu. Kojani alishona nyavu miaka arubaini.

"Hichi kidude kinatema baridi hapo tu?" akauliza. "Si tuichukue hiyo baridi tuipeleke tutakako?"

Akalifungua furushi, nguo akazimwaga kitandani, akaomba sindano. Uzi aliutunga mara moja, jambo lililomshinda kwa miaka sita. Kabla ya alasiri shuka lilikuwa mkono mrefu, mdomo wake umefungwa kwenye kiyoyozi kwa mpira. Keki ikahamia pembe ya nyuma, chandarua kikaitunzia baridi. Kitanda kikalazwa chini ya dirisha, miguu isielekee kibla, na kiti cha mama kikawekwa katikati, keki ikiwa mgongoni.

Jumamosi keki ya Shariffa ilifika ukumbini imesimama wima.

Sasa ni wiki ya tisa. Asya anasubiri mpangaji wa chumba cha pili hapo ghorofani ahame mwakani, akichukue. "Mama apate chumba chake, na mie nipate siku ya kulivua hili sweta," anasema.

Na Bi Mwanawema, je, atarudi lini Kojani? Anaulizwa akiwa kitini, tasbihi mkononi. Anainua macho kutazama darini.

"N'tarudi vipi?" anasema. "Shuka la kufungia nguo ndilo lile."