Posa ya Zuhura na Pilau ya Barazani

Safari hii sikuiomba. Wenzangu wa kidato cha tatu mlioniona Jumatatu nimekaa kimya darasani mkadhani naumwa, sikuwa naumwa. Nilikuwa nimetoka mjini kufanya kazi ya watu wazima, na bado nilikuwa najishangaa.

Chanzo ni dada yangu Zuhura. Mwezi uliopita aliposwa na Khamis, kijana wa Michenzani anayehudumu katika hoteli moja ya chakula Mji Mkongwe, nyumba ya kale inayotazamana na bahari. Baba yuko Pemba kikazi, na kwa simu alisema atakalolisema mama yake ndilo lake. Mama yake, yaani Bibi, akasema hajibu posa ya watu ambao hajala kwao. Basi Khamis akatualika. Ila hakutualika nyumbani, alitualika hotelini kwake, kwa sababu mama yake anakaa ghorofa ya juu kabisa na goti la Bibi halipandi ngazi.

"Kwao hakuna jiko?" Bibi aliuliza. Aliuliza hivyo wiki nzima, mara nyengine akiwauliza kuku.

Asubuhi, Jambiani. Tuliondoka na pikapu inayopeleka mwani mjini, sisi mbele na dereva, magunia nyuma. Mimi nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, Bibi buibui lake la Idi. Tulinukia udi mpaka Paje. Kutoka hapo tulinukia mwani. Zuhura hakuja, maana mposwa haendi kujitazamia mwenyewe. Alinishika mkono mlangoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Leo tu," aliniambia, "mara moja katika maisha yako, usifanye masihara."

"Mimi?"

"Wewe. Namtaka Khamis. Ukiniharibia sitokusamehe."

Bibi alipakata kapu, na ndani yake mkate wa kumimina aliouamkia alfajiri. "Huu nampa mamake tukikubaliana," alisema. "Tusipokubaliana tunarudi nao. Na wewe usiutazame hivyo."

Niseme na hili: Bibi ananiita mume wake tangu sijajua kufuta kamasi, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Nami humwita mke wangu, na chai ikichelewa namtishia talaka.

Jozani, msituni. Dereva alisimama kuwapisha kima punju waliokuwa wanavuka barabara bila haraka, mmoja nyuma ya mwenziwe.

"Mke wangu," nikasema, "wazee wa Khamis hao, wamekuja kutupokea."

Dereva alicheka mpaka gari ikazimika. Bibi hakucheka. Alinigeukia akanipa masharti. "Skiza, mume wangu. Nikitia tonge kinywani, nshakubali. Nisipotia, tunanyanyuka tunakwenda zetu. Na wewe usile kabla yangu. Tena usimwite yule kijana shemegi. Hajawa."

"Nimwite nani?"

"Khamis. Ana jina."

Tulipofika mjini, pikapu ilituacha Darajani, tukaingia vichochoroni kwa miguu, Bibi kanishika mkono kama bwana harusi. Hoteli yenyewe ina mlango wa nakshi ambao mbao zake zingetosha kujengea banda letu la kuku na la jirani, na kushoto na kulia kwake kuna baraza za mawe. Khamis alikuwa anatungoja, shati jeupe, aproni nyeusi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Alimtazama kuanzia viatu, akapanda polepole.

Ndani kuna baridi ya kuta nene, dari ya boriti, na madirisha ambamo bahari yote imeingia. Meza ya pili walikaa watalii. Khamis alipita kuwaambia, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba katika chumba hiki alikuwa akilala binti mfalme.

"Kweli?" nilimuuliza aliporudi.

"Lilikuwa ghala la karafuu," alininong'oneza. "Lakini ghala hawalipigi picha."

Pale pale nilimpenda. Neno shemegi lilifika kwenye meno, nikalirudisha.

Mezani sasa. Bibi alikalishwa kwenye kiti kirefu, miguu yake ikawa inaning'inia, na kapu kaliweka juu ya meza mbele yake kama hirizi. Chakula kikaletwa. Sahani pana kama ungo, na katikati yake samaki, changu mzima, kalazwa juu ya jani, kipande cha ndimu kwenye paji la uso, mgonjwa wa homa kabisa. Akafuata pweza wa nazi. Harufu yake siielezi. Nikiieleza mtaacha kusoma mwende jikoni.

Bibi alikunywa maji.

"Nani kapika?" aliuliza.

"Wapishi wetu, Bibi. Wako watatu."

"Kwa hiyo watatu wananiozeshea mjukuu wangu, na simjui hata mmoja."

Khamis akatabasamu kwa shida. "Mama yuko njiani, Bibi. Onja kidogo tu."

"Nshashiba, mwanangu."

Mimi sikuwa nimeshiba. Nilimtazama changu, changu akanitazama. Nikaanza kumwona Zuhura mlangoni, na mkate ukirudi Jambiani juu ya mapaja yetu.

Hapo ndipo alipoingia Bi Rahma, mama yake Khamis, anatweta, jasho linamtoka, kakumbatia sufuria iliyofungwa kwa kanga. "Nisameheni. Nilimwambia huyu, wageni wangu hawalishwi na watu wa mshahara. Kapita bucha, kaleta nyama, mie nikapika." Akaitua katikati ya kitambaa cheupe na kufunua. Pilau. Iliki yake ilifika mpaka kwa watalii, nao wakageuka.

Iliki ilimfikia na meneja pia. Alikuja, mwanamke mpole mwenye miwani, akaonyesha kibao ukutani. "Khamis, unaijua sheria. Chakula cha nje hakiliwi ndani."

Bi Rahma alianza kuifunga tena kanga yake. "Basi isiwe taabu, mwanangu. Ntarudi nacho."

Bibi hakuwa anamtazama meneja wala sufuria. Alikuwa anamtazama Khamis, na mimi nikamtazama Khamis, maana akimwacha mamake apande zile ngazi zote na pilau yake mkononi, dada yangu hana mume.

Khamis alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Akaibeba sufuria kwa mikono miwili. "Meneja, sheria yako sitoivunja," alisema. "Mama, Bibi, tufuatane."

Tukapita katikati ya meza za watu, yeye mbele, Bibi na kapu lake, mimi nyuma nikimuaga changu. Nje, kwenye baraza ya mlango, akatandika kanga na kutua sufuria. Bibi alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu tufike, miguu yake iligusa chini.

Meneja alitokea mlangoni. Nikajua tunafukuzwa hata hapo. Kumbe kabeba sinia, birika na bakuli la kunawia. "Nje sina sheria," alisema. "Ukimaliza, Khamis, aproni yako iko kitini."

Bi Rahma akapakua. Bibi kakaa, mikono kaikunja.

"Mbona hunawi, dada yangu?" Bi Rahma aliuliza taratibu.

"Nnamngoja mume wangu," Bibi akajibu, akanielekeza kwa kidevu. "Leo yeye ndo mwanamme tuliyekuja naye. Muulizeni yeye."

Bi Rahma alicheka. Khamis alicheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, kisha nikaona Bibi hacheki. Alikuwa ananitazama vile anavyolitazama wingu kabla hajashuka pwani kwenye mwani wake.

Nilikuwa na mzaha tayari, tena mzuri. Nikauacha. Nikamtazama Khamis. Alikuwa kasimama na birika, shati lake jeupe limepakaa masizi ya sufuria kifuani, wala hajui. Alikuwa anamsogezea mamake kipande cha kanga asikalie jiwe.

Nikanyoosha mikono.

"Shemegi," nikasema, "nimwagie maji ninawe."

Maji nusu yaliingia bakulini, nusu kwenye kanzu yangu, maana alikuwa ananitazama mimi, si bakuli. Bibi akanawa baada yangu, akafinyanga tonge, akalitia kinywani, akatafuna bila haraka.

"Chumvi imekaa," alisema. Kisha akalisukuma kapu kwa Bi Rahma.

Changu aliletwa nje baadaye, nikamzika kwa heshima zote.

Magharibi, Jambiani tena. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya uso wa msiba. Zuhura alikuwa pale pale mlangoni. "Pole, dada yangu," nikaanza, "Mungu atakupa mwengine." Hata hakunitazama. Alilitazama kapu linavyopepea mkononi mwa Bibi, akalichukua, akaligeuza juu chini. Zikaanguka chembe tupu. Akakaa mchangani pale pale, analia na kucheka. Mazoezi yangu yote yakaenda bure.

Miaka yote nilidhani jina lile la mume ni la mchezo, la kudaia chai. Sikujua kwamba Bibi alikuwa ameliweka akiba kwa siku atakayolihitaji.

Asubuhi yake aliniita kutoka uani. "Mume wangu."

"Naam," nikaitika, bila talaka wala nini, nikatoka mbio, kifua mbele, tayari kuulizwa jambo jengine zito.

"Banda la kuku linanuka," alisema. "Fagio hilo hapo."