Leonise na Mama wa Ubatizo

Mke wangu Leonise hakukubali mtoto wetu abatizwe mpaka Mamzeli Hortense apate nafasi, na Mamzeli Hortense hakuwa mtu wa kupata nafasi. Padri alikuja kijijini kwetu kwa mashua mara moja kwa mwezi. Akija, Mamzeli anaumwa kichwa. Akija tena, Mamzeli ana wageni kutoka mjini Castries. Mtoto akaota meno bado hana jina la kanisani.

Leonise alikuwa mkanyaga kakao katika shamba la Waingereza. Mbegu zikishakauka juani, wanawake huzikanyaga peku na kuzisugua kwa nyayo mpaka zing'ae, huku wanaimba. Hakuna aliyemshinda kwa kazi ile, lakini ukimsifu kazi ananuna. Yeye alitaka asifiwe rangi. Marehemu mama yake alimlea akimwambia kila siku kwamba ni mweupe kuliko binamu zake, na jua lisije likamharibia bahati. Mimi nilimtazama nikamtazama, sikuuona huo weupe. Ni maji ya kunde, kama nusu ya kijiji.

Mweupe kweli alikuwa Mamzeli Hortense, dada wa msimamizi wa shamba, ingawa bibi yake mzaa mama alizikwa pamoja na watu wetu na kila mtu alijua kaburi liko wapi. Watu wa aina yetu waliingia katika nyumba yake kubwa kupitia jikoni. Leonise alidhani ameipata dawa ya mlango huo. Kwetu, mwanamke akikusimamia mtoto ubatizo, mnaitana makomè mpaka kufa. Ni undugu. Makomè wako humwachi asimame uani kama mleta kuni.

"Akishaniita makomè," aliniambia, "nitapanda ngazi za mbele, na viatu miguuni."

"Na mtoto je?"

"Naye atapanda. Si yuko mgongoni?"

"Dorilia, yule mpishi wake, anatuomba amsimamie mtoto tangu una mimba. Si umpe yeye?"

"Dorilia! Mweusi kama sufuria la kuni! Mume wangu, unanichukia?"

"Mimi si mweusi kuliko Dorilia?"

"Wewe yamekwisha. Nimeshaolewa."

Nikatoka nje kupasua kuni. 

Kisha mtoto akashikwa na homa na kikohozi. Chai ya majani haikusaidia, mafuta ya nazi hayakusaidia. Kwetu mtoto asiyebatizwa huzikwa nje ya ua wa makaburi, kwenye nyasi wanapofungwa mbuzi. Sikuwa nikilala. Nilimwambia Leonise, safari hii padri akija mtoto anabatizwa, hata kama ni mimi nitakayevaa gauni niwe mama wa ubatizo. Alikwenda kwa Mamzeli, akasimama jikoni, akarudi anacheka: Mamzeli ameapa atakuja.

Siku ilipofika tulikuwa kanisani mapema. Leonise alivaa kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi mpaka kikasimama chenyewe. Ubatizo wa wengine ukaisha. Padri akatujia anafuta jasho.

"Mama wa ubatizo yuko wapi? Mashua inaningoja."

"Yuko njiani, baba," Leonise akasema.

Aliyetokea mlangoni ni Dorilia, anahema, aproni kiunoni, mkononi kijiko cha fedha kilichofungwa utepe.

"Haji," akasema. "Mke wa meneja, yule Mwingereza, amemwita chai."

"Leo?" nikauliza.

"Leo hii, shemeji. Miaka yote anakaa barazani na glavu akingoja yule mzungu amwite, na mzungu anapita kama hamwoni. Leo kaitwa, kajipaka poda mpaka masikioni. Hiki kijiko ni zawadi yake kwa mtoto. Kanituma nimshike kwa niaba yake."

Uso wa Leonise ukarudi kung'aa. "Basi mshike kwa niaba yake. Makomè ni yeye."

Dorilia hakunyosha mikono. "Kuna maneno mengine nimetumwa. Sikutaka kuyasema humu."

"Sema."

"Kasema, mwambie mwanamke yule asije akaniita makomè mbele za watu. Na akija nyumbani, mlango ni ule ule."

Mtoto akakohoa, kikohozi kirefu cha kumpinda mgongo. Padri akatoa saa mfukoni. Mimi nilikuwa karibu kumpokonya Leonise mtoto.

"Kijiko hicho kamrudishie," Leonise akamwambia Dorilia.

"Ataniua."

"Basi kakorogee supu yake."

"Sawa. Na mtoto nimshike kwa niaba ya nani?"

Leonise alimeza mate kama anameza kwinini. "Mshike kwa niaba yako. Mikono umenawa?"

"Imetoka kumkandia mkate Mamzeli wako, na hajafa. Mlete, makomè."

Padri akauliza jina. Leonise alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba mtoto ataitwa Hortense.

"Dorilia," nikasema, kabla hajafungua mdomo. Alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau, lakini maji yalikuwa yameshamwagwa.

Homa ilipungua baadaye, kwa ubatizo au kwa supu ambayo Dorilia alituletea kila jioni chini ya aproni, sijui. Nikadhani mke wangu amejifunza. Juma lililofuata nilikwenda na ndoo kuchota maji, nikamkuta bombani amezungukwa na wanawake.

"Supu anayokunywa mtoto wangu inatoka kwa makomè wangu," anawaambia. "Wa nyumba kubwa."

"Nani? Yule mpishi?"

"Nimesema wa nyumba kubwa. Si kama makomè zenu, wavuna ndizi."

Wakaanza kugombana. Nikachukua ndoo yangu tupu nikarudi nyumbani.